Posa Iliyokatwa Kodi

Kama mlifunga gazeti la wiki jana mmeshika roho mkononi, ishikeni tena kidogo, maana Mjomba bado amesimama.

Amesimama katikati ya sebule ya dada yake, Fundi wa cherehani. Simu ya Fundi iko mkononi mwake, ameinyanyua juu kama mtu aliyenasa panya na anataka majirani wamwone. Swali lake bado linaning'inia.

“Kijana, elfu moja iko wapi?”

Kijana alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, magoti pamoja, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakwaruza. Pembeni yake alikaa shangazi yake, muuza mkaa, mama wa mikono mikubwa na sauti ya kuita wateja wa mtaa wa pili. Wawili hawa walikuwa wamekuja kumposa binti pekee wa Fundi, na mpaka robo saa iliyopita mambo yalikuwa yakienda kama uzi kwenye sindano mpya.

Fundi hakutaka mahari ya kujaza lori. Yeye ni mjane, ana cherehani yake na binti yake, basi. Mwezi ujao kijana anahamishiwa kituo cha kazi cha mbali, basi linalala njiani, na binti akiolewa atakwenda naye. Kwa hiyo Fundi alitaka jambo moja. Kila Ijumaa kijana amtilie salio la elfu kumi kwenye simu, naye Fundi ampigie mwanawe, waongee mpaka wachoke. Elfu kumi kamili, wasije wakakatwa katikati ya neno.

Kijana alisema hilo ni dogo mno, akatuma ya kwanza palepale, mbele ya wazee. Simu ikalia. Mjomba akasoma. Zilifika elfu tisa.

Sasa, Mjomba si mtu wa kuambiwa “imepungua kidogo.” Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpima mizani ghalani, na macho yake bado yana mshale unaotikisika katikati. Kwake yeye gunia lililopungua lina mwizi, na mwizi ana jina.

“Mzee, hakuna aliyechukua,” kijana akasema. “Hiyo ni kodi ya mauzo. Ukilipia simu kabla ya kuitumia, kuna asilimia kumi ya serikali.”

“Kwa hiyo wameikata.”

“Hapana, mzee. Haikatwi. Inaongezwa.”

Hata feni iliyokuwa ikilalamika pembeni ilionekana kusikiliza.

“Imeongezwa,” Mjomba akarudia polepole, “ikapungua.”

Na hapa, wasomaji, lazima niwaambie kazi ya kijana huyu, kwa wale ambao hawakuwa nasi alipoingia hadithini. Kijana ni mtu wa Ofisi ya Mapato. Tena si mtu wa kubeba mafaili. Yeye anakaa Dirisha la Uelewa, ambako wananchi hupelekwa waelewe kodi. Mtaani wanamwita Bwana Asilimia. Kile kijitabu kilichosambazwa sokoni na kwenye vituo vya mabasi, chenye picha ya simu inayotabasamu, ni yeye aliyekiandika, kila neno.

Akaanza kueleza. Fundi alimsikiliza kwa makini sana, kwa sababu alimpenda na alitaka aelewe. Kijana alisema kwamba kwa mujibu wa sheria kodi huongezwa juu ya bei. Lakini kampuni ya simu, kwa huruma yake, haitaki kumsumbua mteja kwa kumwomba hela ya ziada. Basi huiongeza kwa kuitoa ndani ya zile alizokwisha kulipa.

Shangazi aliuliza kama huruma hiyo nayo inatozwa. Kijana akasema bado, lakini kuna kamati imekaa.

Mjomba alisema yeye hajaja kusikiliza darasa. Ameambiwa elfu kumi, amepima elfu tisa. Na mtu anayepunguza siku ya posa, siku ambayo watu hujitutumua, je, baada ya harusi itakuwaje? Akakiendea kikapu cha wageni, kile chenye kitenge na sukari, akakisogeza kuelekea mlangoni. Hakukirusha. Alikisogeza kwa mguu, kidogo tu, na kila mtu alielewa.

Fundi aliona uso wa kijana ukipoteza rangi. Akakumbuka kwamba binti yake yuko nyumba ya pili, kwa Msusi, ukuta mmoja tu, akisubiri kuitwa. Na kuta za nyumba hizi ni kama kanga, zinasitiri lakini hazizuii sauti.

“Kaka, kaa kwanza,” akasema. “Ngoja mtoto ajisafishe.”

Kijana akapata pumzi. Akasema hilo halina shida, atatuma ile elfu moja iliyobaki, wazee waridhike, mambo yaishe. Akabonyeza. Simu ya Fundi ikalia mkononi mwa Mjomba.

Mjomba akasoma. Mia tisa.

Shangazi akajifunika uso kwa mtandio. Haikujulikana kama analia au anacheka, lakini mabega yalikuwa yakipanda na kushuka.

Kijana akakubali kwamba ni kweli, elfu moja nayo ni malipo kama malipo mengine, nayo imeguswa. Imebaki mia tu. Akabonyeza tena. Simu ikalia. Mjomba sasa alikuwa amevaa miwani.

“Tisini.”

“Basi imebaki kumi, mzee. Kumi tu.”

“Tuma kumi.”

Kijana akatuma kumi. Safari hii iliyolia ni simu yake mwenyewe. Akaisoma, akaisoma tena, akaigeuza kama vile maneno ya nyuma yangekuwa mazuri zaidi. Kampuni ilikuwa imemjibu kwa adabu kwamba kiasi hicho ni kidogo mno, haiwezi kutuma chini ya hamsini.

Shangazi akasema si atume hiyo hamsini, yaishe. Mjomba akakataa. Ikitumwa hamsini itafika arobaini na tano, na jumla itapita elfu kumi. Gunia likizidi, alisema, nalo ni kosa, maana lililozidi hapa limepungua kwa mwenzake. Ghalani alishawahi kumsimamisha kazi mtu mwema kabisa kwa kosa la kuzidisha.

“Kwani mwanangu,” Shangazi akamgeukia kijana, “kwa nini hukutuma nyingi toka mwanzo, ili ikishapigwa hiyo kodi ibaki kumi kamili?”

Kijana akajikuna shingo. Akasema kwenye kijitabu chake kulikuwa na ukurasa mzima wa hesabu hiyo, hesabu ya kurudi nyuma, na ndio ulikuwa ukurasa alioupenda kuliko yote. Haukuchapishwa. Karatasi za ofisi zilitozwa kodi, zikapungua, ukurasa ukaachwa. Yeye mwenyewe, bila ule ukurasa mbele yake na Mjomba akimkazia macho, hesabu imemruka.

Hapo ndipo Fundi alipoona kitu ambacho wengine hawakukiona. Kijana alikuwa ameilaza simu yake kifudifudi juu ya goti, ameifunika kwa kiganja, kama mtu anayeficha tundu kwenye soksi. Fundi ameshona suruali za wanaume wengi na anajua mtu aliyebakiwa na mifuko mitupu anavyokaa. Huyu alikuwa ametuma mpaka nauli. Angerudi nyumbani kwa miguu na shangazi yake mzito, na kama si wazee kumzuia angekuwa bado anaifukuza ile kumi.

Marehemu mumewe alikuwa hivyo hivyo. Hakuwahi kuwa na kitu, na hakuwahi kukataa kukitoa.

“Inatosha, baba,” Fundi akasema. “Elfu kumi nimeiona. Imefika kwa vipande, lakini imefika. Kaka, rudisha kikapu cha watu. Mimi nime...”

Alitaka kusema nimeridhika. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Simu ikalia mkononi mwa Mjomba, mlio mrefu ambao hawakuwa wameusikia bado.

Mjomba akasoma kwa sauti ya ghalani. “Mpendwa mteja. Laini yako imepokea malipo yaliyogawanywa vipandevipande, dalili ya kukwepa kodi ya mauzo. Laini imefungwa hadi uchunguzi ukamilike. Fika Ofisi ya Mapato, Dirisha la Uelewa. Asante kwa kuwa mlipakodi mwema.”

Fundi akamnyang'anya kaka yake simu, kwa upole lakini alimnyang'anya. Akabonyeza jina la binti. Sauti ya kike, tamu kama ya mtangazaji wa redio, ikamwambia laini hii haipo katika huduma. Akabonyeza tena, mtu huwezi kujua. Ile sauti haikuchoka wala kukasirika.

Alikaa kwenye kiti cha cherehani, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Namba ile amekuwa nayo tangu binti yuko shule. Wateja wote wanaijua, imeandikwa kwa rangi juu ya mlango. Lakini hakuwa akifikiria wateja. Alikuwa akifikiria Ijumaa.

“Mashine ndiyo imefanya, mama,” kijana akasema, na sauti yake ilikuwa imekonda. “Mtu akituma, akituma, akituma, kila mara kidogo zaidi, mashine inaona anajificha. Haijui kwamba anajaribu kulipa.”

“Na hilo neno mpendwa?” Shangazi akauliza. “Mnamfungia mtu laini halafu mnamwita mpendwa?”

Kijana akainamisha kichwa. Akasema neno hilo ni yeye aliyelipigania. Zamani ujumbe ulikuwa unaanza na “Wewe.” Vikao vitatu alibishana na wakubwa zake.

Fundi alisikia hilo akamhurumia zaidi. Lakini huruma haifungui laini.

Mjomba, ambaye hapo mwanzo alikuwa anataka kumfukuza kijana, sasa aligeuka upande wake, maana ikiwa ni kupunjwa basi hapa anapunjwa dada yake, na anayempunja dada yake ana vita na yeye. Akauliza Dirisha la Uelewa linafunguliwa na nani.

“Mimi,” kijana akasema.

Watu wakatazamana. Shangazi akapiga goti lake kwa furaha. Basi si mambo yamekwisha? Mkosaji, mchunguzi na mkwe, wote wako kwenye kochi moja. Kesho asubuhi kijana afungue dirisha lake, ajihoji, ajisamehe, afungue laini, chai.

Kijana hakucheka. Alikunja mikono, akafungua, akakunja tena.

“Siruhusiwi kumhudumia ndugu,” akasema. “Wala wa damu, wala wa ndoa. Na posa ikishakubaliwa inahesabika ndoa. Nikiwa mkwe wenu, jalada la mama linatoka kwangu linakwenda kwa Mkuu.”

“Si aende kwa Mkuu basi?” Mjomba akauliza.

Kijana akaeleza kuhusu Mkuu wake wa kazi. Mkuu ana kabati la chuma nyuma ya kiti chake, na kila jalada lenye undugu linaingia humo ili litazamwe kwa utulivu. Utulivu umekuwa mwingi. Karani mwenzake mmoja mama yake alifungiwa laini akiwa mzima, na sasa wanaomba ifunguliwe ili wapate picha yake ya kuweka kwenye jeneza, iliyomo ndani. Mkuu si mtu mbaya, kijana alisema. Hapokei rushwa, hatukani mtu. Anaogopa tu kusaini.

Sasa, wasomaji wangu, mnaona kamba ilivyojifunga. Fundi akisema ndiyo, binti anaolewa, anakwenda mbali, na simu ya mama inalala kabatini. Akisema hapana, laini inafunguliwa kesho, na hakuna wa kumpigia, maana binti atakuwa yupo hapa hapa ndani, analia.

Mjomba alitembea mpaka dirishani akarudi. Akasema ameona njia. Akaiona kwa furaha, na Fundi akaogopa, kwa sababu amemjua kaka yake tangu wote wawili wanatambaa.

“Tunaikataa posa,” Mjomba akasema. “Leo tu. Mpaka kesho adhuhuri.”

Akafafanua. Ikikataliwa, kijana si ndugu. Asubuhi anafungua dirisha, anafungua laini ya mama mmoja asiyemjua, fundi tu wa mtaani. Mchana wageni wanarudi na kikapu chao, posa inakubaliwa, na serikali haijadanganywa hata chembe, kwa sababu kila neno lilikuwa la kweli kwa wakati wake.

Shangazi alisema mzee huyu alipotea bure ghalani, angefaa kuwa wakili. Kijana aliuliza kwa sauti ndogo kama kukataliwa kwa nusu siku kunaweza kuleta mkosi.

Fundi hakupenda. Maneno ya kukataa mtu, hata kwa mchezo, yalimkaa vibaya mdomoni. Alimtazama kijana. Kijana alikuwa ameshika mpini wa cherehani kwa kidole kimoja, anauzungusha taratibu asiharibu uzi, na alipoona anatazamwa akauacha. Alisema kwamba mama asijali. Yeye yuko tayari kukataliwa, ilimradi Ijumaa simu ilie.

“Basi angalau binti aambiwe kwanza,” Fundi akasema. “Shangazi, nenda kwa Msusi, mnong'oneze. Mwambie ni kwa ajili ya ofisi tu. Asije akasikia kwa watu.”

Shangazi akajikokota kuelekea mlango wa nyuma. Lakini Mjomba alikuwa ameshachukua mlango wa mbele. Yeye anaamini kipimo kisicho na mashahidi si kipimo. Ofisini wataulizwa kama kuna undugu, na majirani watatakiwa kusema waliyoyasikia. Akasimama kibarazani, akakohoa, na watu ambao walikuwa wanajifanya wanafagia wakaacha kujifanya.

Ndipo simu ya kijana ilipolia.

Simu hiyo ni mgonjwa. Haisikiki sikioni, inasikika kwa spika tu, chumba kizima. Kijana akatazama jina, akasimama wima kana kwamba anayepiga anamwona.

“Mkuu, shikamoo.”

“Marahaba. Nipo hapa dirishani kwako, nimeweka spika ili foleni ishuhudie,” ilisema sauti ya mtu anayepumua kwa taabu. “Kuna msichana. Amekuja kwa pikipiki, nywele zimesukwa nusu. Anasema laini ya mama yake imefungwa sasa hivi na lazima ifunguliwe kabla hatujafunga ofisi.”

Shangazi alikuwa amerudi mlangoni, anahema. Akasema kwa midomo bila sauti kwamba binti hayupo kwa Msusi. Alisikia ukutani laini imefungwa, akaondoka na kichana kichwani.

Fundi akashika kifua. Mtoto huyo tangu mdogo hakuweza kumwona mama yake na shida akakaa. Alikuwa amekimbia kusaidia, na ameweka mguu katikati ya sahani.

“Nikamuuliza anamjua nani hapa,” Mkuu akaendelea. “Akasema anakujua wewe. Akasema wewe ni mume wake mtarajiwa na kwamba leo posa inapokelewa. Amesema kwa sauti, foleni nzima imempigia makofi. Mlinzi pia.”

Na hapo hapo, nje kibarazani, sauti iliyozoea kuita namba za magunia toka upande mmoja wa ghala hadi mwingine ikapaa juu ya paa:

“Majirani, mnisikie. Posa ya huyu kijana imekataliwa. Imekataliwa kabisa. Mmesikia wote.”

Minong'ono ya foleni ya Mkuu ikakatika. Kisha kwa mbali, kutoka upande ule wa dirisha, ikaja sauti ndogo ambayo Fundi angeitambua ndani ya soko zima.

“Imekataliwa?”

Kijana aligeuka kumtazama Fundi. Fundi alitaka kupiga kelele kwamba si kweli, ni ofisi tu, lakini aliyekuwa akisikiliza ni ofisi yenyewe.

“Sasa mimi nina kalamu mkononi,” Mkuu akasema, “na hiyo si hali ninayoipenda. Huyu anasema anaolewa na wewe. Huko kwenu kuna mtu anatangaza kwamba umekataliwa. Mmoja wao anaidanganya serikali. Kama si ndugu zako, jalada ni lako, fanya kazi yako. Kama ni ndugu zako, linakuja kabatini kwangu. Niambie kwa neno moja. Huyu binti ni wako au si wako?”

Mjomba alikuwa amerudi ndani anapangusa jasho, akitabasamu, akakuta nyuso zile na tabasamu likamdondoka.

Fundi alimtazama kijana akifungua mdomo. Aliona macho yake yalivyokwenda kwenye simu iliyofungwa pale juu ya meza ya cherehani, kisha yakarudi kwake. Akaelewa. Huyu mtoto wa watu alikuwa anakwenda kusema “si wangu.” Alikuwa anakwenda kulisema huku mpenzi wake anasikia, auvunje moyo wake na wa mwenzake, ili mama mkwe aongee siku ya Ijumaa. Ulikuwa wema mkubwa kuliko wote aliowahi kufanyiwa tangu awe mjane, na hakuweza kuukubali.

Akanyoosha mkono. Akaichukua ile simu kwenye kiganja cha kijana.

“Ni wake,” akasema.

“Nani anaongea?” Mkuu akauliza.

“Mwenye laini. Andika, bwana mkubwa. Binti ni wake, posa imepokelewa, aliyetangaza huko nje ni kaka yangu na anaumwa na jua. Mwanangu, umenisikia? Imepokelewa.”

Upande wa pili kulisikika kitu kati ya kicheko na kwikwi, na mtu wa foleni akasema, “Hongera, dada.” Mjomba akaketi juu ya kikapu cha wageni bila kutazama, sukari ikalia chini yake. Shangazi hakumkemea. Alikwenda akasimama nyuma ya Fundi na kumwekea mikono yake mikubwa mabegani, akaiacha hapo.

Mkuu akashusha pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Akasema vizuri sana, mambo yako wazi, yeye hana la kusaini. Jalada linakwenda kabatini, likatazamwe kwa utulivu. Zikasikika hatua zake, kisha funguo. Fundi alikuwa amemwoza mwanawe na kumpoteza kwa neno moja, na hakulijutia neno hilo.

Halafu hatua za Mkuu zikasimama ghafla.

“Binti,” akasema, na sauti yake ilikuwa imepanda kidogo. “Hapo si pa wageni. Binti. Tafadhali.”

Kiti kililia, kiti kikubwa cha magurudumu, kikisogea na kugonga chuma. Kisha sauti ya binti ikaja karibu kabisa, wazi, kama yuko chumba cha pili.

“Mama, nimekaa kwenye kiti chake. Nimekiegemeza kwenye kabati, halifunguki. Anasema nitoke, watu wa foleni wanasema nisitoke. Nitoke?”

Sebule nzima ikamgeukia Fundi. Huyu ni mama aliyemfundisha mtoto wake kuinuka mkubwa akiingia, kusalimia kwa magoti, kutopita mbele ya wazee bila kuomba njia. Kijana alikuwa amefumba macho. Ajira yake ilikuwa kwenye kile kiti, na uhamisho, na nyumba ya huko waendako. Hata hivyo Fundi aliona kichwa chake kikitikisika, kidogo sana, juu chini.

Akauleta mdomo wake karibu na simu.

“Keti vizuri, mwanangu,” akasema. “Tunakuja.”